Mashine ya 15, mashua ya futi 26, na mambo niliyoyapima kabla ya kutoa fedha

Mwezi wa Novemba mwaka jana nilinunua mashua ya futi 26 kutoka kwa mzee mmoja wa Mkokotoni, Unguja, aliyeamua kupumzika na bahari. Tangu siku niliyoifikisha Wete, Pemba, kila aliyekuja kunipa hongera pale dikoni alinipa na ushauri ule ule: mashine ya nguvu za farasi 15 haikiwezi chombo hiki, tafuta ya 40. Sikuwa na jibu la kuwapa, kwa sababu wote walijua jinsi safari ile ilivyokuwa. Tuling'oa nanga baada ya sala ya Alfajiri, bahari ikiwa shwari ya malelezi, bila ya upepo wa kutuzuia wala wa kutusaidia, na bado tulifunga Wete baada ya Isha, madumu manne ya lita 20 yakiwa matupu na la tano likiwa limekwisha guswa.

Mashine ya 40 sikuinunua, na leo, miezi saba baadaye, sioni haja ya kuinunua. Naandika haya kwa ajili ya vijana wa visiwani mwetu wanaochanga fedha ili wanunue chombo kilichokwisha tumika, kwani nimeona wengi wakimaliza akiba yao kwenye nguvu za mashine ilhali chombo chenyewe kina mambo yake kinayoyadai kwanza. Habari za hati ya mauziano, ushahidi wa sheha, usajili na leseni ya uvuvi sitazieleza hapa. Nasema tu kwamba zimalizwe kabla hujalegeza hata nati moja.

Jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kupima, na hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote yatakayofuata. Mtu asiyejua chombo chake kinakwenda mwendo gani na kinakunywa lita ngapi kwa saa hana njia ya kujua kama fedha aliyoitoa imemletea faida au imemletea mabadiliko ya sauti tu. Nilichukua simu yenye programu ya kuonyesha mwendo kwa setilaiti, nikasubiri wakati maji yalipokuwa yamesimama baina ya kujaa na kupwa, nikaendesha kwa dakika kumi kuelekea kisiwa cha Fundo bila ya kugusa mkono wa mafuta, kisha nikageuza na kurudi kwa dakika kumi nyingine kwenye mstari ule ule. Mwendo wa kwenda na mwendo wa kurudi hujumlishwa na kugawanywa kwa mbili, na hapo nguvu ya mkondo, ambayo ilikusukuma upande mmoja na kukuzuia upande wa pili, huwa imejifuta. Nilirudia mara tatu. Petroli niliipima kwa dumu jeupe linaloonyesha ndani, nililolitia alama za wino kila baada ya lita moja.

Matokeo yalikuwa maili 4.3 za bahari kwa saa, mkono wa mafuta ukiwa umefunguliwa wote, na lita 6.2 kwa saa. Maili moja ya bahari ni mita 1,852, kwa hiyo tulikuwa tukikimbia chini ya kilomita nane kwa saa na kuteketeza karibu lita moja na nusu kwa kila maili. Kutoka Wete hadi karibu na Ras Kigomasha, kaskazini mwa Pemba, ninakopenda kwenda kwa mishipi ni kama maili 12, na kurudi 12 nyingine. Hesabu hiyo inatoa zaidi ya lita 34 kwa siku moja ya kazi, kabla hatujanunua barafu wala chambo, na mvuvi yeyote anaweza kuniambia ni siku ngapi katika mwezi ambazo samaki hulipa lita 34.

Sasa, kabla ya kuuliza chombo kiongezewe nini, inafaa kujua kinaweza kufika wapi. Mashua yetu ya mbao ni chombo cha kupasua maji, si cha kuruka juu yake kama boti nyepesi ya faiba. Chombo cha namna hii kila kikienda hujitengenezea wimbi, na urefu wa wimbi hilo hukua kadiri mwendo unavyokua, mpaka unapolingana na urefu wa chombo chenyewe. Kuanzia hapo omo, yaani mbele ya chombo, hubaki juu ya kilele cha wimbi, tezi, yaani nyuma yake, huzama bondeni, na nguvu yoyote unayoiongeza hutumika kuupanda mlima ambao chombo kimeujenga chenyewe. Mhandisi Mwingereza William Froude alilichunguza jambo la mawimbi haya katika karne ya 19 kwa kuvuta vielelezo vidogo vya meli ndani ya birika refu la maji, na kutokana na elimu hiyo mabaharia hutumia hesabu nyepesi: chukua urefu wa chombo kwa futi pale kinapogusana na maji, tafuta mzizi wake wa mraba, zidisha kwa 1.34, na utapata kwa makadirio mwendo wa juu wenye manufaa kwa maili za bahari kwa saa. Mashua yangu inagusa maji kwa futi 23. Mzizi wake wa mraba ni karibu 4.8, na jibu ni maili 6.4.

Nilipoiona hesabu hiyo kwenye daftari nilielewa kwamba mashine ya 40 ingenipatia labda maili mbili zaidi ya zile nilizokuwa nazo, basi, na kwamba katika mbio zake zote ingekunywa zaidi ya mara mbili ya petroli. Vilevile uzito wake ni takriban mara mbili ya ule wa mashine ya 15, na ungening'inia kwenye ubao wa tezi ambao fundi aliyeujenga hakuukusudia kubeba mzigo huo. Swali la haki likawa jingine kabisa: ni nini kinachokizuia chombo hiki kufika hata sita?

Kilichokizuia zaidi kilikuwa uzito, na sehemu kubwa ya uzito huo ilikuwa imefichika. Maji yalikuwa yakiingia, kama yanavyoingia katika kila chombo kuukuu, na baharia wangu alikuwa akifua ngama, yaani kuyatoa maji hayo kwa ndoo, bila ya malalamiko kwa sababu amezoea. Nilipomwomba ahesabu, tukapata ndoo 11 za lita 20 kwa kila saa mbili. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kwa hiyo, tukichelewa kidogo kufua, tulikuwa tunabeba zaidi ya kilo 200 za maji yanayokimbilia upande wowote chombo kinakoinamia, na uzito unaohama namna hiyo ni mbaya kuliko uzito uliotulia. Chini ya sakafu ya mbao kulikuwa na farumi ya mawe, yaani uzito wa kukituliza chombo, mabaki ya siku ambazo mashua ilikuwa ikitegemea tanga peke yake. Na chini kabisa, nyuma, juu ya mkuku, ule uti wa chini wa chombo, tulikuta saruji.

Naomba wasomaji wangu waliangalie hili la saruji kwa makini. Mtu aliyekuwa akivujiwa alimimina zege kati ya mataruma, zile mbavu za chombo, ili azibe, na kwa mwaka mmoja au miwili huenda alifanikiwa. Lakini saruji haifuati ubao unapovimba na kusinyaa, kwa hiyo baina ya viwili hivyo hufunguka uwazi mwembamba ambamo maji hukaa bila ya kuona hewa, na mbao huoza mahali ambapo jicho halifiki. Tuliivunja kwa patasi na nyundo kwa siku mbili, tukatoa ndoo sita, na chini yake tukakuta mataruma mawili yanayomeguka kwa vidole. Ukienda kununua chombo, chukua nyundo ndogo na ugonge kutoka tezi hadi omo, ukisikiliza: ubao mzima hulia kwa sauti kavu, na uliooza hupokea nyundo kimyakimya. Ukiona saruji, ipunguze bei kwa gharama ya mataruma yote yaliyofunikwa, kwa sababu utayalipia.

Mawe sikuyatoa yote kwa pupa. Farumi ina kazi yake, na chombo kilichopungukiwa nayo huenda mrama vibaya hata kwenye wimbi dogo, hasa kikiwa kitupu. Tulitoa mawe machache, tukasimama watu watatu ndani, upande mmoja, mashua ikiwa kwenye maji ya kiunoni, tukaangalia mdomo wa chombo umebakiza shubiri ngapi juu ya maji, kisha tukatoa mengine. Mwishowe tulibakiza kama kilo 120 tu, na tukayasogeza hadi katikati. Siku tunayotweka tanga chombo kikiwa chepesi, tunaongeza madumu ya maji ya bahari, ambayo yanaweza kumwagwa tukipata samaki.

Mpangilio wa mzigo nao ulikuwa na makosa. Mashine, petroli, sanduku la barafu, nyavu na mabaharia wawili, vyote vilikuwa nyuma, na mashua ilikuwa imekalia tezi kiasi kwamba ubao wake wa nyuma ulizama majini kwa nchi (inchi) nane na kuyaburuta maji. Ishara yake ni rahisi kuiona: maji ya nyuma ya chombo yanachemka na kukufuata, badala ya kuteleza na kubaki. Tulihamisha petroli na barafu hadi katikati, na hilo, ambalo halikutugharimu hata shilingi, lilitupa nusu maili kwa saa siku hiyo hiyo.

Baada ya hapo tukaipandisha pwani. Sisi hatuna haja ya winchi, kwa kuwa Mwenyezi Mungu ametupa bamvua: katika siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu maji yetu hupanda na kushuka karibu mita nne, na chombo kilichopwelezwa kwenye kilele cha maji ya tarehe 15 ya mwezi wa mwandamo huweza kusimama kikavu kwenye magadi yake, yaani magogo ya kukiegemeza, hadi bamvua jingine, takriban wiki mbili baadaye. Muda huo unatosha ukijipanga, na hautoshi kabisa ukianza kutafuta misumari baada ya kupandisha.

Tumbo la mashua lilikuwa limefunikwa na chaza wadogo na majani ya bahari kama nywele, na chini yake ukoga. Watu hudhani kwamba uchafu huo ni kitu cha sura tu, lakini kwa chombo kinachokwenda polepole sehemu kubwa ya ukinzani hutokana na maji yanavyosuguana na ngozi yake, na ngozi mbaya huweza kula mwendo mwingi kuliko kosa lolote la mashine. Tulikwangua, tukaosha, kisha fundi akachoma tumbo lote kwa mienge ya makuti kama walivyofanya wazee, ili joto liwaue wadudu wanaotoboa mbao. Kazi hii ni ya mtu anayeijua, mwenye maji karibu, na petroli iwe imekwisha pelekwa mbali.

Kalafati, yaani kuziba nafasi za baina ya mbao, ndiyo iliyochukua siku nyingi zaidi. Fundi wangu, mzee wa Kojani ambaye mikono yake imejenga vyombo vingi kuliko ninavyoweza kuvihesabu, alitoa pamba yote ya zamani, akasokota mpya iliyolowekwa mafuta, na akaipigilia taratibu. Mimi, kwa haraka yangu, nilimwambia aishindilie sana ili tusivujiwe tena. Akaniambia, "Mwanangu, hizi mbao zina kiu. Zikinywa zitanenepa, na ukishazijaza leo kesho zitasukumana mpaka zing'oe misumari." Nilimwachia kazi yake. Tuliposhua, mashua ilivuja usiku mzima wa kwanza, nikakosa usingizi, na siku ya tatu ilikuwa imejifunga. Sasa tunafua ndoo moja kwa siku, na wakati mwingine hata hiyo haijai.

Kuhusu cha kupaka, nimesikiliza pande zote mbili. Deheni ya chokaa na shahamu inapatikana, bei yake ni ndogo, na inaweza kupakwa na yeyote, ila inataka kurudiwa kila baada ya miezi michache. Rangi ya dukani yenye shaba, iliyotengenezwa kuzuia viumbe visiote, hukaa muda mrefu zaidi na ni ghali. Nilichagua rangi kwa sababu siwezi kupandisha chombo mara nne kwa mwaka, lakini simlaumu mwenye mashua anayebaki na deheni yake na akairudia kwa wakati.

Sasa nije kwenye mashine yenyewe, ambayo wengi wangeanza nayo. Panga lake lilikuwa la nchi 10, yaani lingesogea nchi 10 kwa mzunguko mmoja kama lingekuwa linapita kwenye kitu kigumu, na panga la namna hiyo linafaa boti nyepesi inayokimbia. Kwa mashua nzito ni sawa na kuipanda baiskeli mlimani kwa gia ya mteremko: mashine inanguruma, inashindwa kufikia mizunguko yake, inapata joto, inajaa masizi na inachoka kabla ya umri wake. Nilifunga kipima mizunguko cha bei nafuu kwenye waya wa plagi, nikaona kwamba hata mkono wa mafuta ukiwa umefunguliwa wote haikufikia kiwango cha chini kilichoandikwa kwenye kitabu chake. Makadirio ya mafundi ni kwamba kila nchi moja unayoipunguza kwenye panga huongeza mizunguko 150 hadi 200 kwa dakika. Nilipata panga la nchi 8 lililotumika, nikanyoosha ncha moja iliyokuwa imepinda, na mizunguko ikaingia kwenye kiwango. Ukibadilisha kitu kimoja tu kwenye mashine ya chombo kizito, badilisha hicho.

Urefu wa kufungia nao ulikuwa haufai. Mashine hizi zina shingo fupi ya nchi 15 na ndefu ya nchi 20, na yangu ni fupi, ilhali ubao wa tezi ulikuwa juu mno kwa shingo hiyo. Bawa lile bapa lililo juu ya panga linatakiwa liwe sawa na chini ya chombo au literemke kidogo tu. Likiwa juu, panga huvuta hewa kila wimbi linapoinua tezi, mashine hupiga kelele ghafla na chombo hakiendi. Kuna aliyenishauri niukate ubao. Nilikataa, kwa kuwa ubao uliokatwa ni mlango wa wimbi la nyuma, na badala yake fundi alitengeneza kibao cha nje cha mvule kilichoteremshwa nchi nne na kukazwa kwa bolti zinazopenya hadi ndani.

Mengine yalikuwa ya matengenezo ya kawaida. Oili ya gia ilitoka nyeupe kama maziwa, dalili ya maji, kwa hiyo sili zilibadilishwa. Mpira wa pampu ya maji ya kupozea ulikuwa umekatika mabawa mawili. Hubadilishwa kila mwaka na bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na pistoni iliyokwama. Mchanganyiko wa mafuta tulikuwa tukiukadiria kwa macho, na sasa tunautia kwa chupa ya kipimo: kitabu kinataka sehemu moja ya oili kwa 50 za petroli, ambayo kwa dumu la lita 20 ni mililita 400. Oili ikizidi, plagi huwa nyeusi na zenye majimaji. Ikipungua, vyuma husagana. Plagi yenye afya ina rangi ya kahawia nyepesi, na ninaziangalia kila Ijumaa kabla ya sala. Kila tukirudi, mashine huendeshwa kwenye pipa la maji ya mvua kwa dakika kumi, chumvi itoke.

Tulipima tena mwezi wa Februari, mstari ule ule wa Fundo, maji yakiwa yamesimama. Mbio zote zilitupa maili 5.9. Lakini kipimo ninachokithamini ni kingine: kwa theluthi mbili tu ya mkono wa mafuta tulikwenda maili 5.2 kwa lita 3.9 kwa saa, na hiyo ni robo tatu ya lita kwa maili, karibu nusu ya tuliyokuwa tukiiteketeza mwanzo. Safari ya Kigomasha imeshuka kutoka lita 34 hadi 18. Kutoka theluthi mbili hadi mbio zote unapata sehemu saba tu za kumi za maili kwa saa na unalipia zaidi ya lita mbili, kwa hiyo nimefunga alama ya kamba nyekundu kwenye mkono wa mafuta, na baharia wangu haivuki ila tukiwa tunakimbia mvua.

Tanga sikuliuza, ijapokuwa nilipata mnunuzi. Siku za kaskazi liliturudisha nyumbani kutoka Kigomasha mara kadhaa mashine ikiwa imenyanyuliwa, na sasa kusi limeingia hutupeleka huko huko bila ya petroli. Lakini ni wakati huu wa kusi ndipo ninapokuwa mwangalifu zaidi na hesabu zangu, kwa sababu mkondo wa pwani yetu hukimbia kwenda kaskazini mwaka mzima na huzidi nguvu katika miezi hii, kwa hiyo kwenda ni wepesi unaodanganya na kurudi ni kupanda upepo na mkondo kwa pamoja. Petroli naigawa mafungu matatu, moja la kwenda, moja la kurudi na moja lisiloguswa, na wiki iliyopita, tulipokuwa tunarudi na nguru sita na upepo ukaongezeka tukiwa mbele ya kisiwa cha Njao, fungu la tatu tulilifungua na kulitumia kwa lita nne. Tulifunga Wete kabla ya Magharibi. Bamvua lijalo nitaipandisha tena mashua ili nione rangi imekaa vipi, na nibadilishe taruma moja la mbele ambalo nyundo imelisikia vibaya.